Kifafa cha utotoni, lugha na akili ya mtoto: maswali ya wazazi na walimu wa Kigoma na Tabora

Maswali haya ni ya wazazi, walezi na walimu wa Ujiji, Kasulu, Kibondo, Urambo, Nzega na Tabora mjini. Mengi huulizwa kliniki. Mengine nimeulizwa sokoni, kwenye daladala ya Mwanga na hata msibani, maana watu wakishajua wewe ni muuguzi wa watoto hawangoji zamu. Karibu kila mmoja huanza na kuanguka: ameanguka mara ngapi, ametoka povu, amejikojolea. Ni wachache wanaoanza na maneno ya mtoto, kwamba mwezi uliopita alikuwa anasema nini na sasa hasemi nini. Nimeyaandika majibu haya ili na maneno nayo yawe yanaulizwa, kwa sababu kuanguka kila mtu anakuona, ila lugha inaweza kupungua kidogo kidogo ndani ya nyumba yenye watu wengi na asitambue mtu.

Je, ni kweli kifafa kinaweza kumchelewesha mtoto kuongea na kujifunza?

Ndiyo, na kwa njia zaidi ya moja.

Kifafa kinatokana na seli za ubongo kutoa umeme kwa wingi na bila mpangilio. Kwa watu wengi kazi ya lugha hufanyika zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Umeme huo ukianzia huko, mtoto anaweza kukosa maneno wakati wa tukio na kwa dakika au saa kadhaa baadaye. Ukijirudia mara nyingi, anaweza kupata ugumu wa kukumbuka majina ya vitu hata siku ambazo hajashikwa. Kijiko anakijua, anakitumia, lakini ukimuuliza anasema "lile dude la kulia".

Kuna suala la usingizi. Usiku ndipo ubongo unapoyaweka sawa yale mtoto aliyojifunza mchana. Wapo watoto ambao ubongo wao hurusha umeme usio wa kawaida karibu usiku kucha bila mwili kutikisika. Asubuhi wanaamka wakiwa wazima kwa macho yetu, lakini herufi walizofundishwa jana hazipo.

Kuna pia chanzo chenyewe cha kifafa. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyeugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo, au aliyeumia vibaya kichwani, anaweza kuwa amepata jeraha lililoleta kifafa na likagusa lugha au kumbukumbu kwa pamoja. Hapo ucheleweshaji hauletwi na kifafa peke yake. Vyote viwili vimetoka kwenye jeraha moja.

Halafu tupo sisi watu wazima. Mtoto anafichwa chumbani wageni wakija. Hatumwi dukani, hachezi na wenzake, shule amekatishwa "mpaka apone". Mtoto asiyeongeleshwa atachelewa kuongea hata kama ubongo wake hauna kovu lolote. Sababu hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa inazuilika bila kidonge hata kimoja.

Kwa hiyo kila mtoto mwenye kifafa atakuwa na tatizo la akili?

Hapana. Wako wengi wenye akili sawa na wenzao, wanaofaulu na kuendelea na masomo. Hatari tu ndiyo kubwa zaidi kwao kuliko kwa watoto wengine. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipima watoto wenye kifafa wa umri wa shule ya msingi wakakuta zaidi ya nusu wana udhaifu wa kiasi fulani katika uwezo wa utambuzi, yaani kukumbuka, kuzingatia, kuelewa. Usome hilo kama sababu ya kumpima mtoto mapema. Ukilisoma kama hukumu utamwonea.

Mwanangu alipata degedege akiwa na malaria. Hicho ndicho kifafa?

Degedege la homa na kifafa ni vitu viwili. Degedege la homa humpata mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, homa inapopanda. Likiwa fupi, la mwili mzima, na lisipojirudia ndani ya saa 24, kwa kawaida haliachi athari kwenye akili wala lugha, na watoto wengi hawapati kifafa baadaye. Kifafa ni pale mtoto anaposhikwa tena na tena bila homa au sababu nyingine ya papo hapo.

Lakini huku kwetu jibu haliwezi kuishia hapo, kwa sababu homa yetu mara nyingi ni malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto chini ya miaka 5, asilimia 24. Wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza, asilimia 23. Malaria inapopanda kichwani, mtoto anapoteza fahamu na kushikwa degedege refu au la kujirudia, na hapo ubongo unaweza kuumia. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, na wengine wa Uganda waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya aina hiyo. Miaka kadhaa baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na udhaifu katika utambuzi, na katika yaliyojitokeza Kilifi lugha ilikuwamo. Baadhi walipata kifafa muda mrefu baada ya homa kusahaulika.

Kwa hiyo mtoto akiruhusiwa kutoka wodini baada ya malaria kali, kazi haijaisha. Mwangalie kwa miezi na miaka. Anayaelewa maagizo kama zamani? Anasimulia? Anaita watu kwa majina? Ukiona amerudi nyuma, rudi hospitali na useme wazi: "Aliugua malaria ya kichwa mwaka fulani, na tangu hapo maneno yamepungua." Sentensi hiyo moja inamsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Na lile la kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, si kweli. Watoto hufa au kupata kilema kwa sababu wamefikishwa wamechelewa, sindano ikawa ndicho kitu cha mwisho walichofanyiwa, kisha ikabebeshwa lawama.

Mtoto wangu wa miaka 5 alikuwa anaongea vizuri. Sasa haitiki nikimwita na ameacha kuongea. Majirani wanasema amekuwa kiziwi.

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ni rahisi kulikosea.

Kwanza masikio yapimwe. Usaha wa sikio uliokaa muda mrefu, dawa fulani na homa ya uti wa mgongo vyote vinaweza kuua usikivu. Tabora ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya watoto viziwi nchini, mwaka 1963, na mtoto aliyepoteza usikivu ana haki ya kupata lugha ya alama mapema.

Lakini kama masikio ni mazima na mtoto bado haelewi maneno, liko jambo jingine la kufikiriwa. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, William Landau na Frank Kleffner, walieleza habari za watoto waliokuwa wakiongea kawaida, kisha wakapoteza lugha huku ubongo wao ukionyesha umeme wa kifafa. Hali hiyo sasa inaitwa kwa majina yao. Si ya kawaida, ila ipo. Huanza mara nyingi kati ya miaka 3 na 8. Kinachotangulia kupotea ni kuelewa: mtoto anasikia sauti ya pikipiki, anageuka mbuzi akilia, lakini maneno ya mama yake hayamwingii. Baadaye na kuongea kwake kunapungua. Anakuwa na hasira, anajitenga, wengine wanamwita mkaidi au wanasema ana usonji. Linalowapoteza watu ni kwamba takriban watoto 3 kati ya 10 wenye hali hii hawajawahi kuanguka hata siku moja. Umeme wao unafanya kazi usiku wakiwa wamelala.

Ndiyo maana kipimo cha umeme wa ubongo, kile madaktari wanachokiita EEG, kwa mtoto kama huyu kinatakiwa kinase na usingizi. Cha mchana tu, akiwa macho, kinaweza kutoka safi. Tiba ipo: baadhi ya dawa za kifafa, na mara nyingi dawa za jamii ya stiroidi, zikisimamiwa na daktari bingwa. Kila mwezi unaopita bila tiba ni mwezi wa lugha unaopotea katika umri ambao lugha inajengwa. Wakati dawa zikifanya kazi, mpe mtoto njia nyingine ya kuwasiliana: ishara za mikono, picha, kuonyesha kwa kidole. Ishara hazitamzuia kurudi kuongea.

Mwalimu anasema mwanangu anazubaa darasani. Hajawahi kuanguka.

Inaweza kuwa mawazo tu, njaa, au usingizi. Inaweza pia kuwa kifafa cha kuzubaa, ambacho huanza zaidi kati ya miaka 4 na 10. Mtoto anasimama ghafla katikati ya neno, macho yanabaki wazi, pengine kope zinapepesa, sekunde 5 hadi 20 hivi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Matukio hayo yanaweza kutokea makumi kwa siku. Hebu fikiria darasa la kwanza, mwalimu anafundisha silabi "ba be bi bo bu", na mtoto huyu amezipata "ba" na "bu" tu. Mwisho wa muhula ataitwa mzito.

Kutofautisha si kazi ngumu sana. Mtoto anayewaza mambo yake ukimgusa bega anashtuka na kurudi. Aliyeshikwa na kifafa cha kuzubaa harudi mpaka sekunde zake ziishe. Kumpulizisha kwa nguvu na kwa haraka, kama anapuliza moto, kwa dakika 3 mara nyingi huleta tukio mbele ya daktari. Fanyeni hilo kliniki, si nyumbani.

Walimu, tafadhali: kiboko hakimwamshi mtoto huyu. Hakukusikia.

Mtoto wa miezi 6 anajikunja ghafla kila akiamka, mara nyingi mfululizo. Wanasema ni chango.

Mpeleke hospitali leo. Kujikunja kwa mikupuo, kichwa na mikono vikija mbele kwa ghafla, mkupuo baada ya mkupuo, kwa mtoto wa kati ya miezi 3 na 12, kunaweza kuwa aina ya kifafa inayodhuru ukuaji wa akili kwa kasi kubwa. Daktari Mwingereza, W. J. West, aliieleza mwaka 1841 baada ya kuiona kwa mwanawe mwenyewe. Dalili ya kuangalia ni kwamba mtoto aliyekuwa akitabasamu na kukufuata kwa macho anaacha. Mrekodi kwa simu, maana akifika mbele ya daktari huenda ametulia. Dawa zake ni tofauti na za kifafa cha kawaida, na wiki zina maana.

Wa kwangu ana miaka 8. Anashikwa usiku tu: mdomo unavutwa upande, mate yanatoka, anatutazama lakini hawezi kusema.

Maelezo hayo yanafanana na aina inayopatikana sana kwa watoto wa shule na ambayo kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya miaka 16. Ni habari njema, na daktari anaweza hata kuamua asimpe dawa. Ila baadhi ya watoto hawa wana ugumu kidogo wa kusoma, kutamka au kukumbuka walichosikia. Mfuatilieni kusoma kwake.

Dawa zenyewe si ndizo zinampumbaza mtoto?

Swali hili ni halali na wazazi wasizomewe wanapoliuliza. Jibu langu lina pande mbili.

Fenobabitoni ndiyo dawa inayopatikana zaidi kwenye vituo vyetu. Ni ya bei nafuu, inazuia kuanguka vizuri, na Shirika la Afya Duniani linaikubali. Lakini kwa baadhi ya watoto inaleta usingizi, na kwa wengine kinyume chake: kutotulia, hasira za haraka, kushindwa kukaa na jambo moja. Ukiyaona hayo usinyamaze, na usipunguze kidonge mwenyewe. Mweleze mtoa dawa. Pengine dozi ni kubwa kuliko uzito wa mtoto, pengine inaweza kutolewa yote usiku, pengine ibadilishwe. Kabamazepini na valproeti, dawa nyingine za kifafa, kwa kawaida hazimlemei mtoto akili kiasi hicho, ingawa nazo zina madhara yao.

Dawa isiyolingana na aina ya kifafa nayo ni tatizo. Kabamazepini inaweza kuzidisha kile kifafa cha kuzubaa, ambacho hutibiwa kwa dawa nyingine, ikiwamo valproeti. Kwa hiyo maelezo yako ya kinachotokea wakati mtoto anashikwa ndiyo yanayochagua dawa.

Kwa watoto wa kike liko la ziada. Valproeti ikitumika wakati wa ujauzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, pamoja na kushusha uwezo wake wa akili baadaye. Binti anapokaribia kuvunja ungo, mzazi aanzishe mazungumzo hayo na daktari kabla ya mtu mwingine kuyaanzisha.

Upande wa pili ni huu: kifafa kisichodhibitiwa kinadhuru kuliko dawa zilizopangwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Kuacha dawa ghafla, hasa fenobabitoni, kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, mtoto akashikwa nusu saa nzima. Hilo linaumiza ubongo. Dawa hupunguzwa taratibu, kwa kawaida baada ya angalau miaka 2 bila kushikwa, na daktari ndiye anayepanga.

Nyumbani tunaongea Kiha, shuleni ni Kiswahili. Je, lugha mbili zinamchanganya mtoto mwenye kifafa? Tumeambiwa tuache Kiha.

Msiache. Ubongo wa mtoto una nafasi ya lugha mbili na zaidi, na mtoto mwenye ugumu wa lugha hazidishiwi ugumu kwa kuongea lugha ya bibi yake. Kinachotokea mkiacha ni kwamba mama ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni anabaki na maneno machache ya kumwambia mwanawe, bibi naye ananyamaza kabisa. Mtoto anayehitaji maneno mengi kuliko wenzake anapewa machache. Ni vilevile Tabora kwa Kinyamwezi na Kisukuma, au kambini Nyarugusu kwa Kirundi.

Lugha mbili zinatusaidia hata kupima. Mtoto wa darasa la kwanza kutoka kijijini Buhigwe akikaa kimya darasani, swali la kwanza ni: kwa Kiha yukoje? Akiwa anasimulia, anabishana na kutania wenzake kwa Kiha, basi hana ugonjwa wa lugha, bado anajifunza Kiswahili. Akiwa anatafuta maneno na kupotea katikati ya sentensi kwa Kiha pia, hapo pana shida ya kuchunguzwa. Kwa hiyo mtoto asipimwe kwa Kiswahili peke yake. Kama muuguzi au mwalimu hajui lugha ya nyumbani, mama awepo awe mkalimani.

Nitajuaje kwamba lugha ya mtoto imechelewa?

Watoto hutofautiana, lakini iko mipaka ambayo ukiipita usingoje. Mwaka mmoja: ageuke akiitwa jina, apunge mkono wa kwaheri, ajaribu neno moja hivi. Miaka 2: aunganishe maneno mawili, "mama njoo", "maji baridi". Miaka 3: mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema, na akisema "kitabu yangu" si kosa la kukutisha. Kufikia miaka 5 aweze kukusimulia cha jana kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Upotevu wa lugha ni jambo la haraka katika umri wowote. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kifafa kinaambukiza kwa povu au mate?

Hapana. Wala kwa mkojo, ushuzi, kikombe au kulala kitanda kimoja. Mtoto akishikwa usiogope kumgusa.

Akishikwa nifanye nini hasa?

Mwondoe kwenye moto, maji na vitu vyenye ncha. Mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji, usimkandamize. Ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla fahamu hazijarudi, au ana homa, mkimbize kituoni. Wana dawa ya kukata degedege, ambayo yaweza kutiwa hata njia ya haja kubwa. Na kwa sisi wa ziwani na wakamua mawese: asioge ziwani bila mtu mzima wa kumtazama, asiachwe karibu na pipa la mawese linalochemka.

Kwa nini tunapelekwa kliniki ya akili? Mwanangu si kichaa.

Kweli, si kichaa. Katika hospitali zetu nyingi dawa za kifafa na watu waliofunzwa kuzisimamia wako kitengo cha afya ya akili, basi. Naelewa aibu ya kukaa kwenye lile benchi mbele ya majirani. Nenda hivyo hivyo.

Kipimo cha EEG ni lazima? Kinapatikana wapi?

Si lazima kwa kila mtoto. Kifafa mara nyingi hutambuliwa kwa maelezo mazuri na video ya simu, na matibabu yanaweza kuanza hapo hapo. Kinahitajika zaidi pale mtoto anapopoteza lugha, anapozubaa, au dawa zinaposhindwa. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora, au Nkinga kwa walio upande wa Igunga. Kutoka hapo mnaweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Dodoma na Muhimbili. Safari ni ndefu na gharama zake nazijua. Kabla ya kupanda treni, hakikisheni barua ya rufaa imeandika kwamba mtoto amepoteza lugha, ili apangiwe kipimo cha usingizini.

Babu anataka apelekwe kwa mganga kwanza.

Mzee anataka mjukuu apone, sawa na wewe. Zungumza naye hivyo. Sala na tambiko havigombani na vidonge, ila neno "kwanza" ndilo linaloumiza, kwa kuwa miezi inapita. Mambo mawili msiyakubali: dawa ya kunywa kwa mtoto asiye na fahamu, na sharti la kuacha vidonge vya hospitali. Nawajua waganga ambao wakiona kifafa humwambia mzazi aende hospitali, na ninawaheshimu.

Tumfanyie nini nyumbani ili lugha ikue? Mtaalamu wa tiba ya lugha hatujamwona.

Wataalamu hao ni wachache sana nchini, kwa hiyo kazi kubwa inabaki mikononi mwa mama, bibi na kaka zake. Wala si kazi ya kukaa mezani.

Mwongeleshe wakati wa shughuli zile zile za kila siku. Mnaanika dagaa: "Huyu mkubwa, huyu mdogo, hawa bado wabichi." Mnachagua samaki: mgebuka, kuhe, sangara. Sema jina, msubiri. Kusubiri ndiyo sehemu inayotushinda wengi. Mtoto mwenye kifafa, na pengine yuko kwenye dawa, anahitaji muda zaidi kulitafuta neno. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumsemea. Akisema nusu, mrudishie nzima bila kumcheka: akisema "maji mwaga", jibu "ndiyo, maji yamemwagika".

Mpe agizo moja, likizoeleka yawe mawili: "Chukua kikombe, mpelekee babu." Vitendawili vya jioni ni mazoezi bora ya kumbukumbu na ya kutafuta maneno. "Nyumba yangu haina mlango" (yai) atakisikia mara nyingi kabla hajakitega mwenyewe, na siku akikitega kwa wenzake mshangilieni. Hadithi mwambie ile ile tena na tena, kisha uache sentensi ya mwisho aimalizie yeye.

Muda wa kulala nao ulindwe. Mtoto aliyekesha kwenye ngoma au mbele ya televisheni hushikwa kirahisi, na asiyelala hajifunzi. Neti iwepo kila usiku. Kwake inamkinga na malaria, na inamwepusha na homa ambazo zingemwamshia kifafa.

Shule inasema hawawezi kumpokea.

Mtoto mwenye kifafa ana haki ya kusoma, na wengi husoma vizuri katika darasa la kawaida. Mkikataliwa, nendeni kwa afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu, na barua ya daktari mkononi.

Kwa mwalimu, mabadiliko ni madogo. Mkalishe mbele. Maagizo yawe mafupi, umwombe ayarudie kwa maneno yake. Mwache anakili ubaoni kwa muda mrefu zaidi, au mwenzake amsomee. Akishikwa, apumzike kidogo kisha arudi darasani siku hiyo hiyo kama ameamka vizuri. Kumrudisha nyumbani wiki nzima kila akianguka kunamnyima masomo kuliko kifafa chenyewe. Eleza wenzake kilichotokea kwa sentensi mbili tu, bila kumtia hofu yeyote. Kumkaririsha darasa bila kubadili namna ya kumfundisha hakumsaidii.

Maneno yaliyopotea hurudi?

Mara nyingi hurudi, yote au sehemu. Ubongo wa mtoto mdogo una uwezo wa kuhamishia kazi sehemu nyingine, hata lugha kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia, jambo ambalo ubongo wa mtu mzima hauliwezi kwa urahisi. Inategemea chanzo, umri alioanza kushikwa, muda aliokaa bila tiba, na kiasi anachoongeleshwa. Wengine watabaki na udhaifu maisha yote. Kwa hao pia lengo lipo: aweze kuomba, kukataa, kueleza panapomuuma, kutania na ndugu zake.

Nikienda kliniki nibebe nini na niulize nini?

Beba daftari la mtoto, na kurasa mbili ziwe zako. Moja andika tarehe alizoshikwa, muda, na ilivyokuwa. Nyingine andika maneno na sentensi mpya alizosema mwezi huo, na zile alizoacha kusema. Asiyejua kuandika amwombe mtoto mkubwa wa nyumba. Beba video kama ipo, na vidonge vilivyobaki, ili dozi ipimwe upya kwa uzito wa leo. Mtoto anakua, dozi ya mwaka jana inakuwa ndogo.

Uliza aina ya kifafa alichonacho, kama dawa hii inalingana nacho, kama inaweza kugusa umakini wake, na kama masikio yake yamepimwa. Asipoulizwa habari za kuongea kwake, zitaje wewe. Aliye chini ya miaka 5 sera inataka atibiwe bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo liulizie na hilo. Kabla hujatoka, linganisha idadi ya vidonge na tarehe ya kurudi, kisha omba vya akiba vya wiki moja, maana mvua zikikolea basi linaweza kukwama njiani na mtoto akalala siku mbili bila dawa.